Elimu ya mazingira tunaifanya kama matangazo, ndo maana kila mwaka tunapanda miti na vilima vinabaki vipara

Mleta uzi

Wakuu salama? Naomba tuongee kuhusu elimu ya mazingira, ila sio ile ya kwenye mabango. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aweke alama atarudi baadae.

Hoja yangu ni moja tu na nitaizunguka mpaka mwisho. Mtu halindi kitu kwa sababu kaambiwa kina umuhimu. Analinda kitu alichokishika kwa mikono yake, akakipima akaona kinabadilika, na anajua kikistawi na yeye atafaidika. Hayo yakikosekana kinachobaki ni matangazo, na sehemu kubwa ya kinachoitwa elimu ya mazingira duniani kwa kweli ni matangazo.

Chukua upandaji miti. Stori ni ileile kila mahali, siku inatangazwa, wakubwa wanafika, tisheti zinagawiwa, miche inachomekwa ardhini, picha, makofi, kila mtu kwao. Namba itakayosomwa kwenye ripoti ni ya miche iliyopandwa, ukiuliza mingapi iko hai baada ya mwaka hakuna mwenye rejista. Alafu hebu nenda uichuchumalie ile miche uiangalie kwa karibu, utakuta mingine imefukiwa na kiriba chake cha plastiki kabisa, mizizi ikigonga ukuta inageuka inajizungushia humohumo mpaka inajikaba, mingine imezikwa mpaka shingoni shina likaoza, mingine imepandwa mvua zikiwa zinaelekea ukingoni kwa sababu tarehe ilipangwa na ofisi na wingu halikushirikishwa, hakuna kisahani cha kukinga maji, hakuna matandazo, mbuzi wanapita wanasafisha kilichobaki. Na kuna sehemu hata hapakutakiwa kupandwa mti, ni uwanda wa nyasi za asili au ardhi oevu yenye viumbe wake, unapelekwa pale mti wa kigeni unaonyonya maji alafu inaitwa uhifadhi. Hii inaniuma sana maana waliokuja siku ile walikuja na moyo safi, wakapewa kazi isiyo na mwendelezo, na watoto waliokuwepo wakajifunza kwamba mazingira ni tukio la siku moja.

Sasa linganisha na alichofanya Wangari Maathai. Harakati yake ya Green Belt Movement ilianza Kenya 1977 na watu wengi wanakumbuka tu kwamba walipanda miti mingi na mama akapata Nobel ya amani 2004. Kitu ambacho hakisemwi sana ni utaratibu wao. Wanawake walikuwa wanaotesha miche wenyewe kwenye vitalu vyao, na ile hela kidogo waliyokuwa wanapewa ilikuwa kwa kila mche uliopona. Uliopona, sio uliopandwa. Hapo lazima urudi kuangalia, umwagilie, uweke miiba mbuzi wasile, na ukishaanza kurudi kila wiki tayari umeshakuwa mtaalam bila cheti. Halafu walikuwa wanakaa wanajadiliana kwanini kuni zimekuwa mbali, kwanini mto umekauka, nani kagawa msitu, na ndo maana watawala hawakuipenda ile harakati, kwa sababu ilikuwa inafumbua macho watu kuhusu mambo makubwa kuliko miche.

Na haya mambo dunia ilishakubaliana zamani bana. Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira kule Stockholm, Sweden, ulikuwa 1972, huko ndo ilikotoka siku ya mazingira ya tarehe 5 Juni. Mwezi Oktoba 1977 UNESCO wakishirikiana na UNEP, yaani mashirika ya Umoja wa Mataifa ya elimu na ya mazingira, wakaitisha mkutano wa serikali Tbilisi, Georgia, ukiwa mahsusi kwa elimu ya mazingira, wakaandika kwamba elimu hii ilete ufahamu, maarifa, mtazamo, ujuzi na ushiriki. Tunaishia kwenye ufahamu na vipande vya maarifa. Ujuzi na ushiriki, yaani pale mikono inapoingia na pale mtu anapokaa kwenye meza ya maamuzi, huko hatufiki. Na hata hayo maarifa yenyewe ni ya kusuasua, UNESCO walichambua mitaala ya nchi 100 wakatoa matokeo 2021, karibu nusu haikutaja kabisa mabadiliko ya tabianchi.

Niwape mfano wa somo ambalo halihitaji maabara. Tafuta kopo pana la bati, likate juu na chini libaki bomba. Lishindilie kwenye ardhi kama sentimita tano hivi, kwenye ile sehemu inayokanyagwa kila siku, ngumu, haina hata jani. Mimina kipimo cha maji, mtoto mmoja ashike saa. Chukua kopo la pili, lishindilie chini ya mti ambapo majani yameanguka yakaoza hakuna aliyeyafagia, mimina kipimo kilekile. Hapa maji yanazama unayaona, kule yamesimama yanakuangalia. Usiwaambie kitu, waulize yale yaliyogoma kuingia mvua ikinyesha yanaenda wapi, watakujibu wenyewe, yanaenda mtoni na udongo wake. Alafu chimba na kijiti pale maji yalipozama muone matundu ya nyungunyungu na vijizizi. Ile sehemu ngumu izungushieni kamba, itandazeni majani makavu, ikatazwe kukanyagwa, mrudi msimu unaofuata na kopo lilelile. Mtoto aliyeandika zile dakika mara mbili hahitaji wimbo wa "tutunze udongo wetu".

Karibuni tujadili.

Mdau

Mkuu uzi mzuri ila mi naona unaongea mambo ya walioshiba. Mtu anayekata mti anajua kabisa kwamba mti una faida, hajakosa elimu, kakosa mbadala. Jioni watoto wanataka kula. Sasa hapo unamletea kopo la bati akapime maji, serious kweli? Elimu peke yake haijawahi kuokoa msitu wowote.

Mleta uzi

Mkuu hapo umegusa penyewe na wala hatupingani. Ukienda kumhubiria mtu mwenye njaa unamtukana tu. Lakini angalia Niger walifanya nini, maana wale ni kati ya watu wenye hali ngumu kuliko wote duniani na jangwa linawapulizia usoni.

Miaka ya 80 mwanzoni kulikuwa na mradi wa kupanda miti pale Maradi, kusini mwa nchi, miche mingi sana ilikuwa inakufa. Aliyekuwa anausimamia ni Muaustralia anaitwa Tony Rinaudo. 1983 akaja kuangalia vizuri vile vichaka vilivyotapakaa mashambani ambavyo kila mtu alikuwa anaviona ni takataka ya kufyeka kabla ya kulima, akakuta ni miti. Ni visiki vya miti iliyokatwa, mizizi yake ipo hai chini kabisa, kila mwaka inachipua na kila mwaka inafyekwa. Kwaiyo msitu ulikuwa tayari upo, chini ya miguu yao.

Kazi yenyewe ni rahisi mpaka inashangaza. Unakuta kisiki kina machipukizi labda ishirini yanagombania chakula. Unachagua machache yaliyonyooka na yenye afya, mengine yote unayakata kwa kisu kikali ukielekeza ukato kutoka chini kwenda juu gome lisichanike. Yale uliyoyaacha unapogolea matawi ya chini mpaka kama nusu ya urefu, unafunga kitambaa cha rangi kila mtu ajue huyu ana mwenyewe. Ulivyovikata ni kuni za leo jioni, majani unawapa mifugo au unatandaza. Mwakani unarudia. Kwa sababu mizizi ni ya mti mkubwa tayari, kile kichipukizi kinaruka juu kwa kasi ambayo mche wa kitalu hauwezi hata kuiota. Kwetu Waswahili njia hii inajulikana kama kisiki hai.

Sasa kwanini walikuwa hawafanyi hivyo siku zote? Hapa ndo jibu la hoja yako mkuu. Kwa sheria zilizorithiwa toka ukoloni mti uliomo ndani ya shamba lako ulikuwa mali ya serikali. Ukiukuza, wa serikali. Ukiukata, faini. Sasa nani mwenye akili atakuza kitu cha kumletea askari wa misitu mlangoni, bora ungali mdogo uung'oe. Kuanzia katikati ya miaka ya 80 utekelezaji ukaanza kulegezwa, wakulima wakaachiwa wafaidi walichokitunza, na hapo elimu ndo ikashika. Ikasambaa mkulima kwa mkulima mpaka ikafika takriban hekta milioni 5, miti inakadiriwa milioni 200, na mingi hakuna aliyeipanda.

Jirani yao Burkina Faso kulikuwa na mzee Yacouba Sawadogo, mkulima tu wa kawaida. Yeye aliboresha zai, vile vishimo vya asili vya kupandia, akawa anavichimba kiangazi, vipana na virefu zaidi, anaweka samadi, mchwa wanaifuata ile samadi wanatoboa udongo mgumu bure kabisa, mvua ya kwanza ikija maji yanaingia kwenye yale matundu. Mwanzoni walimwona kachanganyikiwa. 2018 yeye na Rinaudo wote wawili walikuwa kati ya waliopewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Mzee amefariki 2023.

Kwaiyo nakubali, elimu peke yake haiokoi. Ila haki peke yake nayo bila ujuzi unaweza kuwa na shamba lako na kisiki chako na bado ukakifyeka kila mwaka ukidhani ni kichaka.

Mdau mwingine

Mimi ni mwalimu. Kinachozungumzwa nakielewa ila muwe na huruma na sisi. Silabasi imejaa, mtihani wa mwisho hauulizi kopo la bati, unauliza "taja athari nne za ukataji miti". Ukitoa watoto nje mkuu wa shule anauliza mnacheza? Na wale wa mjini wamezungukwa na zege, huo udongo wenyewe wataupata wapi.

Mleta uzi

Mwalimu heshima yako. Tena nyie ndo mmebebeshwa mzigo wote kana kwamba dunia imeharibiwa darasani.

Nadhani kosa la wapanga mitaala ni kuifanya mazingira iwe mada moja zaidi ya kukariri. Ingekuwa inaingia kwenye masomo yaliyopo ingewapunguzia kazi. Mfano bomba linalovuja, hilo mjini lipo sana. Tega kikombe dakika kumi, pima mililita, zidisha mara 144 unapata ya siku nzima, zidisha kwa mwaka, gawanya kwa mahitaji ya familia moja. Hiyo ni hesabu ya kuzidisha na kugawanya ambayo ungefundisha hata hivyo, tofauti ni kwamba ikiisha wanafunzi wana namba mkononi ya kumpelekea mkuu wa shule, na mkuu wa shule anaweza kumbishia mwalimu lakini kubishana na karatasi ya hesabu iliyoandikwa na darasa zima ni ngumu.

Mboji nayo ni kemia na baiolojia kwa pamoja. Unakusanya lundo la majani, makavu mengi, mabichi kiasi, maji ya kulowesha tu, hewa ipite. Likianza kunuka ujue limelowa na limekosa hewa, ongeza makavu geuza. Likikaa kimya halipati joto ujue limekosa mabichi au maji. Likienda vizuri katikati linapanda hata nyuzi 60, mtoto akisogeza mkono juu ya ule mvuke asubuhi anaelewa bakteria ni nini kuliko mchoro wowote wa ubaoni. Sehemu inayohitajika ni kona tu, hata ndani ya pipa lililotobolewa matundu.

Na kuhusu "taja athari nne", watoto wanakariri athari kama orodha ya vitu visivyohusiana, wakati uzito wote upo kwenye mnyororo. Mimi napenda sana kisa cha tumbusi wa India. Kuanzia miaka ya 90 tumbusi walianza kuanguka kutoka angani, aina tatu zikapungua kwa zaidi ya asilimia 95, watu hawajui kuna nini. 2004 watafiti wakagundua sababu ni diklofenaki, dawa ya maumivu waliyokuwa wanapewa ng'ombe. Ng'ombe akifa na dawa mwilini, tumbusi akila ule mzoga figo zinafeli. Sasa mizoga ikawa inabaki, mbwa wa mitaani wakaongezeka, na mbwa wanakuja na kichaa. India ilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo 2006. Mpe mwanafunzi kisa hiki kipande kipande kama upelelezi, anza na ng'ombe mwenye maumivu ya mguu, muulize hii inahusiana vipi na mtoto aliyeng'atwa na mbwa. Kipindi kimoja kinatosha, na yule mwanafunzi hatasema tena "tumbusi ana faida gani ndege mbaya yule".

Mdau wa kwanza tena

Nimekuelewa kwenye visiki. Ila kuna kitu kinanikera, hizi kampeni za kuokota chupa. Viwanda vinamwaga mamilioni ya chupa, nchi tajiri zimechoma makaa ya mawe miaka mia mbili, alafu anayeambiwa abadilike ni mtoto wa shule mwenye gunia. Huoni hii elimu inatumika kuwafichia wakubwa?

Mleta uzi

Naona kabisa mkuu, na inanikera kuliko inavyokukera wewe. Plastiki yote iliyogeuka taka duniani mpaka 2015 ni kama asilimia 9 tu iliyorejelezwa, karibu asilimia 79 iko majalalani au imezagaa. Huwezi kuokota ukaimaliza hiyo wakati bomba liko wazi. Elimu inayomfundisha mtoto kuokota bila kumfundisha kuuliza hii chupa imetengenezwa na nani, kwanini haina utaratibu wa kurudishwa, nani alipitisha sheria inayoruhusu hivyo, hiyo ni nusu elimu na hiyo nusu inamnufaisha mchafuzi.

Lakini usikate tamaa ukadhani mambo makubwa hayawezekani. Tabaka la ozoni, tundu lilitangazwa 1985, mkataba wa Montreal wa kuachana na kemikali zinazoliharibu ukasainiwa 1987, miaka miwili tu, na leo zile kemikali karibu asilimia 99 zimeondolewa na tabaka linapona. Hakuna aliyeambiwa "kila mmoja wetu apunguze kidogo kidogo", viwanda vililazimishwa kubadili gesi. Mifuko ya plastiki vilevile, Bangladesh ilipiga marufuku 2002 baada ya kuona inaziba mitaro kwenye mafuriko, Rwanda 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Ila sheria kama hizo zinadumu pale wananchi wanapoelewa sababu, wasipoelewa mfuko unarudi kwa mlango wa nyuma.

Na kuna pale vyote vilipokutana. Cape Town 2018, baada ya miaka mitatu ya ukame, mji ulikuwa unahesabu siku mabomba yakauke. Kila mtu aliwekewa ukomo wa lita 50 kwa siku. Kiwango cha maji kwenye mabwawa kikawa kinatangazwa waziwazi, watu wakawa wanakifuatilia kama matokeo ya mpira, bei ya maji kwa watumiaji wakubwa ikapandishwa, presha kwenye mabomba ikapunguzwa. Matumizi ya mji yalishuka karibu nusu ukilinganisha na kabla ya ukame. Kilichobadilika ni kwamba mtu alikuwa anajua lita zake, anajua bwawa liko wapi leo, na aliyetumia vibaya alikuwa analipa. Haikuwa haki kwa wote, maana walioishi kwenye makazi duni walikuwa wanatumia ndoo chache hata kabla ya ukame na hilo halipaswi kusahaulika, ila inaonyesha watu wanaweza, wakipewa taarifa ya kweli kila siku badala ya tangazo mara moja kwa mwaka.

Mdau mpya

Nimesoma wote kimyakimya. Sisi tuna kikundi cha vijana, mwaka jana tulipanda miti na haijulikani imeishia wapi, kama ulivyosema. Tuanzie wapi safari hii? Hatuna mfadhili.

Mleta uzi

Kutokuwa na mfadhili nyie mshukuru, hakuna wa kuwadai namba ya miche ya kuandikia ripoti.

Rudini kwanza kwenye ile ya mwaka jana mkaihesabu, iliyo hai na iliyokufa, na kila uliokufa muung'oe muangalie mizizi. Mkikuta imejizungusha tatizo ni kiriba, mkikuta imekauka tu imenyooka tatizo ni maji au tarehe, mkikuta shina limetafunwa mnajua wa kuongea nao. Hiyo siku moja itawafundisha kuliko semina. Baada ya hapo tembeeni eneo lenu kutafuta visiki vinavyochipua kabla hamjanunua mche hata mmoja, na kabla hamjagusa kisiki chochote kaeni na mwenye ardhi pamoja na wafugaji mkubaliane kwa maandishi nani atavuna kuni, nani atavuna majani na lini mifugo itapita, maana msipomaliza hilo mapema kazi yote italiwa msimu mmoja. Watoto wa hapo muwape daftari la kuandika, kila kisiki na namba yake na urefu wake, wao huwa hawasahau.

Mkiamua kupanda bado, pandeni michache ya asili ya eneo hilo, mwanzo wa mvua, kila mche na jina la mtu anayeurudia. Kama mtafikia muafaka na wafugaji naomba uje uandike hapahapa mlikubaliana vipi, na kwa kila kisiki mliacha machipukizi mangapi, kuna wengi humu wamekwama palepale.